Kilo Kumi na Sita Zilizofichwa

Shwaa! Shwaa! Shwaa!

Kabla hajafungua macho, Rula alijua kwamba kumekucha. Hiyo ilikuwa randa ya shangazi yake, na randa ya shangazi haikuchelewa hata siku za mvua. Punde, kutoka chumba cha mbele, cherehani ya baba ikajibu: trrr, trrr, trrr. Nyumba yao ilikuwa na mafundi wawili, kaka na dada wa tumbo moja. Mmoja alishona nguo, mwingine aliunganisha mbao, na kila asubuhi walishindana nani atawaamsha majirani.

Rula alitandika kitanda, akanawa uso, akafagia maranda uani na kupeleka chai karakana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Rula alibandikwa na binamu yake, kwa sababu tangu darasa la pili hakuwahi kuonekana bila rula. Akienda shule, rula iko mkobani. Akienda kuoga, rula inamngoja dirishani.

Binamu huyo, mtoto wa shangazi, aliitwa Bosi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mnene, mcheshi, na alitembea mikono mgongoni kama msimamizi wa ujenzi. Asubuhi hiyo alimkuta Rula akipima kimo cha birika, akaanza kuimba:

"Rula apima sahani, na urefu wa kijiko,
Apima moshi jikoni, hata ukubwa wa mwiko!"

Rula hakuinua kichwa. Alijibu palepale:

"Bosi alala kitini, kazi yake ni kicheko!"

"Aa, umeniweza!" Bosi akasema, akacheka mpaka chai ikampalia.

"Mmemaliza mashairi?" shangazi aliuliza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, penseli imechomekwa kwenye nywele. "Njooni hapa, wakubwa. Tuna kazi."

Kazi yenyewe walikuwa wakiiota kwa mwaka mzima. Mwisho wa muhula kungekuwa na mashindano ya boti ndogo za tanga ziwani. Masharti yalikuwa machache. Boti iundwe nyumbani. Urefu usizidi mita mbili na nusu. Tanga lisizidi mita nne za mraba. Wanamaji wawe watoto wawili, na kila mmoja avae jaketi la kuelea. Mengine yote, kila timu ijiamulie.

Shangazi alionyesha mbao mbili za plaiwudi zilizoegemezwa ukutani. "Hizi zilibaki kwenye kazi ya makabati. Ni ngumu, haziogopi maji, na hazipatikani nyingine. Mimi nina mikono na msumeno. Kichwa cha boti hii ni ninyi. Nataka mniletee majibu ya maswali manne. Boti iwe na upana gani? Mlingoti usimame wapi? Tanga liwe kubwa kiasi gani? Na ninyi mtakaa wapi? Jumamosi asubuhi nakata. Mbao si unga, mwanangu. Ukikosea huwezi kuzikanda upya."

"Tutajua vipi, shangazi?" Rula aliuliza.

"Tengenezeni vijiboti vya boksi, kila sentimita kumi za boti kubwa ziwe sentimita moja. Kisha mvijaribu kwenye beseni. Uzito nao mtaupunguza. Kwa kipimo hicho, kilo moja ya kweli inakuwa gramu moja ya mchanga."

"Gramu moja tu?" Bosi alishangaa.

"Urefu umegawanywa kwa kumi, upana kwa kumi, kina kwa kumi. Kumi mara kumi mara kumi?"

"Elfu!" Rula alidakia, macho yakimng'aa. Hesabu iliyogeuka boti ilikuwa tamu kuliko hesabu ya daftarini.

Jioni walikata maboksi ya viatu, wakayapaka nta ya mshumaa ili yasilowe. Vijiboti viwili vikazaliwa. Kimoja kilikuwa kipana, sentimita kumi na mbili, kimetulia kama sinia. Kingine kilikuwa na upana wa sentimita nane tu, pua yake kali, ubavu wake laini. Rula alikipenda hicho chembamba palepale. Alikichora mstari mwekundu ubavuni, akakipa jina: Mshale.

Siku iliyofuata, wakirudi kutoka shule, walipita mbele ya karakana ya fundi baiskeli. Watoto wake wawili, mapacha wembamba kama spoku, walikuwa wakipaka rangi boti yao.

"Yetu nyembamba kama sindano!" pacha wa kwanza alisema.

"Yenu vipi?" wa pili akauliza. "Au mnakuja na beseni la kufulia?"

"Mtatuona mgongo tu!" Rula alijibu, moyo ukimwaka. Tangu dakika hiyo hakutaka kusikia habari za kijiboti kipana. Lazima iwe Mshale.

Nyumbani baba aliwashonea vifuko vitatu vidogo kwa vipande vya kitambaa. Kimoja kilikuwa cha uzito wa boti, kimoja cha Rula, kimoja cha Bosi. Rula alivijaza mchanga na kuvipima kwenye mizani ndogo ya jikoni. Cha boti, gramu ishirini na tano. Chake, thelathini na tano.

"Wewe una kilo ngapi?" alimuuliza Bosi.

Bosi alitazama dari. "Arobaini na tano."

Penseli ya Rula ilisimama hewani.

Wiki iliyopita mhudumu wa afya alikuja shuleni kupima wanafunzi. Alipima na kutaja namba kwa sauti ili mwalimu aandike. Bosi alipopanda mizani, mhudumu alitaja, "Sitini na moja!" Darasa likaangua kicheko. "Mizani, pole sana!" mmoja akapiga kelele. Bosi mwenyewe alicheka kuliko wote, akainamia ile mizani na kuipapasa kama mgonjwa. Lakini Rula, aliyekuwa amechungulia dirishani bila Bosi kujua, alimwona mchana ule akikaa peke yake nyuma ya darasa, na chakula chake alikirudisha nyumbani kama kilivyofungwa.

Kwa hiyo Rula alijua. Angeweza kusema, "Bosi, hapa tuko wawili tu, nipe namba ya kweli." Hakusema. Alijiambia kwamba anamwonea huruma binamu yake. Huruma ilikuwepo kweli, lakini nyuma yake palijificha kitu kingine. Kifuko chepesi kingekuwa kizuri kwa Mshale.

Akaandika: 45.

Wakaweka Mshale kwenye beseni. Shangazi alikuwa amewaeleza namna ya kupima. Mbioni, upepo ukisukuma tanga, wanamaji wote wawili hukaa ukingo mmoja ili boti isilale. Lakini upepo una tabia ya kukatika ghafla. Ukikatika, boti huangukia upande wa watu. Basi kijiboti kizuri ni kile ambacho ukiweka vifuko vyote viwili vya watu kwenye ukingo mmoja, bila upepo wowote, bado hakiingizi maji.

Rula aliweka kifuko cha boti katikati. Akaweka cha kwake ukingoni, kisha cha Bosi. Mshale ulilala, ulilala, ukalala zaidi, mpaka ukingo ukabusu maji. Ukabaki hapohapo. Tone halikuingia.

"Umesimama!" Rula aliruka.

"Umesimama," Bosi alisema polepole. Hakuruka.

Kijiboti kipana hawakukijaribu hata kidogo. Ijumaa jioni Rula alikabidhi mpango ulioandikwa vizuri, mistari imenyooka kama nyuzi za baba. Upana sentimita themanini. Mlingoti hatua moja kutoka puani. Tanga mita tatu za mraba, kwa kuwa wanamaji ni wepesi na tanga kubwa lingewazidi nguvu. Viti viwili vya ubao katikati.

Shangazi alisoma, akamtazama Rula. "Umejaribu mara ngapi?"

"Nimejaribu, shangazi."

"Sikuuliza kama umejaribu. Nimeuliza mara ngapi."

"Mara... tatu." Ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

"Vizuri. Nakuamini." Shangazi akachukua penseli kutoka kichwani na kuanza kuchora mstari juu ya plaiwudi.

Neno lile "nakuamini" lilimnyima Rula usingizi. Alfajiri, kabla randa haijaanza kulia, aliamka akaenda uani. Alijaza maji kwenye beseni. Akafungua kifuko cha Bosi, akaongeza mchanga mpaka mizani ikasoma sitini na moja. Gramu kumi na sita tu, zingetosha kwenye kijiko. Akakiweka ukingoni.

Mshale haukusita hata kidogo. Ulipinduka, ukanywa maji, ukazama na mstari wake mwekundu.

Rula aliinama, akautoa, akamwaga maji yaliyoingia. Labda aliweka kifuko vibaya. Akajaribu tena. Ukazama. Mara ya tatu ukazama tena, na sasa alikuwa amejaribu mara tatu kweli.

Akachukua kile kijiboti kipana, ambacho kilikuwa kimefunikwa vumbi chini ya meza. Akaweka vifuko vilevile. Kiliinama kidogo kama mtu anayesalimia, kikatulia. Ukingo wake ulikuwa juu ya maji kwa unene wa penseli.

Alikuwa bado amekichuchumalia aliposikia karakanani: krrrk! Krrrk! Haikuwa randa. Ulikuwa msumeno.

"Shangazi!" Rula alikimbia, maji yakimchuruzika mikononi. "Shangazi, simama! Usikate!"

Msumeno ulinyamaza. Bosi, aliyekuwa ameshikilia ubao upande wa pili, aliganda. Kwenye plaiwudi, kutoka ukingo wa nyuma, palikuwa na mkato wa urefu wa shubiri moja. Baba naye alitokea mlangoni, futi ya kitambaa imemning'inia shingoni.

"Kuna nini?" shangazi aliuliza. "Umeumwa na nge?"

"Mpango si wa kweli," Rula alisema, akihema. "Sikujaribu mara tatu. Nilijaribu mara moja. Na namba moja niliyoandika, nilijua si ya kweli. Nimejaribu leo kwa ile ya kweli. Boti inazama."

Shangazi aliweka msumeno chini taratibu, na huo utaratibu ulitisha kuliko kelele. "Namba ipi?"

Macho ya Rula yalikwenda kwa Bosi, yakarudi haraka sakafuni. Angeweza kuitaja. Lakini alikumbuka kicheko cha darasa zima, na ulimi ukakataa.

"Namba ipi, Rula? Ubao huu hauna ndugu mwingine. Ukiharibika, hatuna boti."

Rula alirudi nyuma hatua moja.

Bosi akakohoa. "Ni yangu, mama," alisema. "Mimi ndiye nilisema arobaini na tano. Nina sitini na moja." Masikio yake yalikuwa moto. "Nilidhani mtacheka."

Hakuna aliyecheka. Baba aliingia, akakaa juu ya rundo la mbao, akaivua ile futi shingoni.

"Mpwa wangu," alimwambia Bosi, "hivi unajua wateja wangu hufanya nini nikiwapima kiuno?"

"Hapana, mjomba."

"Wanabana tumbo! Wote! Jitu zima linaingia, linavuta pumzi mpaka macho yanatoka kama ya chura, linasema, 'Haya fundi, pima.' Sasa nikishona kwa tumbo lile lililobanwa, siku ya sherehe atapumua tu, na vifungo vitaruka mpaka kwenye supu."

Bosi alijaribu kutocheka, akashindwa. Rula naye akacheka huku akifuta machozi.

"Kwa hiyo unafanyaje, baba?" aliuliza.

"Napiga soga naye mpaka ajisahau, apumue. Ndipo ninapima. Na namba sitaji. Naiandika kwenye daftari langu, nalifunga. Kipimo ni cha kazi, si cha kutangazia mtaa. Aliyepiga kelele na kilo zako mbele ya darasa alikosea. Lakini na wewe, ukimficha fundi kipimo chako, nguo itakupasukia wewe, haitampasukia yeye."

"Na wewe," shangazi alimgeukia Rula, "ulijua ukanyamaza. Kwa nini?"

"Nilimwonea huruma." Rula alivuta pumzi. "Na pia... niliutaka Mshale. Namba ile ilinifaa."

"Hapo sasa umesema." Sauti ya shangazi ililegea. "Huruma inayokupeleka wewe unapotaka, ichunguze mara mbili. Ungekuwa ziwani na mwenzako, upepo ukakatika, huruma hiyo ingewazamisha nyote."

Aliinama juu ya ubao, akaupitisha mkono kwenye mkato. "Shubiri moja. Tuna bahati. Hapa nitaweka kipande kwa ndani, gundi na misumari, patakuwa pagumu kuliko pengine. Kakilete hicho kijiboti kipana. Na mizani. Tunaanza upya, wote wanne."

Asubuhi yote walikuwa uani, wamechuchumaa kuzunguka beseni. Baba alipuliza kitanga cha karatasi, shangazi alisogeza mlingoti wa njiti, Rula alipima na kuandika. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipojitokeza. Walipoweka tanga dogo la mita tatu, kijiboti kipana kilijikokota kama konokono aliyeshiba. Walipobandika la mita nne, baba akapuliza kwa nguvu zake zote, kijiboti kilikimbia beseni zima bila kulala, kwa sababu kifuko cha Bosi kilikuwa ukingoni kikikishikilia.

"Ngoja kwanza," Bosi alisema. "Kwa hiyo uzito wangu unafaa?"

"Unafaa?" shangazi alisema. "Mwanangu, bila wewe tanga lile halibebeki. Upepo ukija mkali, wenzenu wepesi watalegeza tanga ili wasipinduke. Ninyi mtakuwa mmelivuta mpaka mwisho."

Bosi alirudisha mikono mgongoni, akatembea mzunguko mzima wa beseni. "Andika, katibu," alimwambia Rula. "Sitini na moja. Andika kwa wino."

Mpango mpya haukuwa na viti. Badala yake waliamua kuweka mikanda miwili sakafuni ya kushikia miguu, ili waweze kukaa ukingoni na kuegemea nje. Mkanda wa Bosi ulisogezwa nyuma kidogo, ili uzito wake usiizamishe pua. Baba alishona tanga la mita nne kamili. Shangazi alikata, Bosi alipiga msasa mpaka akaota malengelenge, na Rula alipima kila kitu mara nyingi kiasi kwamba penseli ikaisha.

Siku ya mashindano boti kumi na moja zilipanga mstari. Mapacha wa fundi baiskeli waliitazama boti pana ya wenzao.

"Beseni limefika!" walipiga kelele.

"Leteni nguo zenu tufue!" Bosi akajibu, na watu wa ufukweni wakacheka, safari hii pamoja naye.

Mwanzoni upepo ulikuwa mdogo, na sindano ya mapacha ikachomoka mbele. Lakini walipokaribia boya la kugeukia, upepo ulivuma kwa nguvu. Boti moja baada ya nyingine zililegeza matanga.

"Nje!" Rula aliita.

Walijirusha nyuma pamoja, miguu kwenye mikanda, migongo juu ya maji. Tanga lilijaa likawa gumu kama ngoma. Boti ikakimbia, ikapita moja, ikapita mbili, ikapita tano. Rula alisikia maji yakipiga kelele chini yake, akajikuta naye anapiga kelele.

Mara, upepo ukakatika. Hivihivi, kama mtu aliyefunga mlango. Boti iliangukia upande wao. Rula aliona ukingo ukishuka, ukishuka. Ukabaki vidole vinne juu ya maji. Wakarudi ndani haraka, boti ikatulia, wakaendelea.

Walifika wa pili. Mapacha walikuwa wa kwanza, kwa urefu wa mkono mmoja tu. Rula alipowaona wakishuka, wawili wepesi kutoka boti nyepesi, alielewa kitu. Sindano haikuwa boti mbaya. Ilikuwa boti ya mapacha, imekatwa kwa vipimo vyao. Alikwenda akawapa mkono.

Shangazi alikuwa akiwangoja ufukweni na taulo mbili. "Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa," aliwaambia. "Mimi naongeza moja. Vikielea mpaka mwisho wa mbio, basi aliyeviunda hakudanganywa. Fundi hodari hawezi kuokoa kazi iliyoanza na kipimo cha uongo. Kusema kweli kunaweza kukuaibisha dakika moja; uongo ungewagharimu boti nzima, na pengine zaidi ya boti. Lakini anayeambiwa kweli naye aipokee kwa heshima, ili mwenzake asiogope kuisema tena."

Alikwenda kumsaidia baba kukunja tanga. Bosi alikuwa amekaa kwenye mchanga, akikamua maji kwenye shati lake. Rula akakaa kando yake.

"Bosi."

"Naam, katibu."

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Siku nyingine nikijua kwamba umesema uongo, nitakuvuta pembeni nikuambie wewe mwenyewe, tukiwa wawili. Sitakutangaza, na sitauandika. Hata kama uongo huo unanifaa. Nakuahidi."